Parklands au Madaraka? Barua mbili, mtoto mmoja

Ujumbe wa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, ulipoingia kwenye simu, binti yetu alikuwa jikoni akisonga ugali. Aliacha mwiko umesimama sufuriani, akausoma mara mbili, kisha akaniletea simu niusome mwenyewe. Ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Sheria, tawi la Parklands. Wiki tatu kabla ya hapo, Strathmore, chuo cha kibinafsi kilicho Madaraka, nao walikuwa wamemwandikia kwamba wamemkubali kwa kozi hiyo hiyo. Ugali uliungua chini na hakuna aliyeulalamikia. Baba yake alikuwa tayari anapiga hesabu nyuma ya bahasha.

Mzazi mwenzangu, kama una barua mbili mezani, au una mtoto wa kidato cha nne anayetamani kuwa nazo, nakuandikia yale tuliyoyaona tulipovizungukia vyuo hivi viwili. Majirani zetu hapa mtaani Umoja walitupa ushauri mwingi, na karibu wote ulihusu jina: hiki kimetoa majaji wakuu, kile kinapendwa na waajiri. Ni kweli, David Maraga na Martha Koome wote walisomea Sheria Nairobi. Ni kweli pia kwamba Strathmore, walioanza kufundisha Sheria mwaka wa 2012, wamejijengea heshima kwa muda mfupi. Lakini mimi nilikuwa na swali langu, na nililipata kwa uchungu: mtoto huyu akikosa kuonekana darasani siku kumi, nani atajua?

Kifungua mimba wetu alienda chuo cha umma nje ya Nairobi. Tulimpeleka na godoro, ndoo, beseni na pasi, tukapiga picha langoni, tukarudi nyumbani tukiimba. Muhula wa pili aliacha kwenda darasani. Hela ya chumba ilikuwa imeishia kwenye kamari ya simu, akawa analala sakafuni kwa mwenzake, na kila Jumapili alitupigia kutuambia masomo yanaendelea vizuri. Tuliujua ukweli mwezi wa Agosti, matokeo yalipotoka na masomo manne hayana alama. Nilipoenda chuoni kuuliza, niliambiwa kwa upole kwamba kijana ni mtu mzima na habari zake hazitolewi bila idhini yake. Hawakunionea, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mwanafunzi wa miaka kumi na minane hata kwa mama yake. Kijana amerudi darasani na sasa yuko karibu kumaliza, lakini mwaka mzima ulipotea, na kilichoniuma zaidi ni kwamba watu mia mbili walikaa naye ukumbi mmoja na kutokuwepo kwake hakukuonekana.

Kwa hiyo safari hii sikulinganisha majina.

Mlango wa kuingilia

Milango ya vyuo hivi haifanani hata kidogo, na inafaa uielewe kabla matokeo hayajatoka, kwa sababu baadaye muda huwa mfupi.

Kuingia Nairobi kwa mkondo wa serikali ni kupitia KUCCPS, taasisi iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya ile bodi ya zamani tuliyoiita JAB. Hapo hakuna mahojiano wala insha ya kujieleza. Kompyuta inachukua masomo manne ya kundi linalohusu kozi, inayachanganya na jumla ya masomo saba, na kutoa alama ambazo kilele chake ni 48. Kisha waombaji wanapangwa kuanzia wa juu kushuka chini hadi viti viishe. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, yaani gredi inayomruhusu mtu kusomea shahada. Ukiitazama idadi hiyo utaelewa kwa nini C+ ni tiketi ya kusimama kwenye foleni tu. Kozi ya Sheria inadai pia B kwenye Kiingereza au Kiswahili, na kwa Nairobi viti huchukuliwa na watoto wenye alama za juu sana.

Kosa tunalolifanya wazazi wengi ni kutazama gredi ya jumla peke yake. Watoto wawili wa A- wanaweza kuomba Sheria, mmoja akaitwa na mwingine akaachwa, kwa sababu mmoja alikuwa na A ya Historia na mwenzake alibebwa na Fizikia. Tovuti ya KUCCPS inaonyesha alama za mwisho zilizoingia kila kozi mwaka uliotangulia. Keti na mtoto mzitazame pamoja, kozi baada ya kozi. Na akikosa raundi ya kwanza, kuna nafasi ya kubadilisha machaguo, halafu baadaye kuna dirisha la kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Wengi hulikosa kwa sababu tu hawakujua lipo.

Strathmore unaomba moja kwa moja, unalipa ada ya maombi, na chuo kinampima mwombaji chenyewe juu ya matokeo yake ya KCSE. Hapo mtoto anaonekana kama mtu. Yule aliyeamka na malaria siku ya karatasi ya Hisabati anaweza kujionyesha upya. Nitasema wazi kinachonisumbua, hata hivyo: mlango wa namna hii unamfaa zaidi mtoto aliyezoea kuzungumza na watu wazima bila kutetemeka, na shule zetu hazifundishi hilo kwa usawa. Kompyuta ya KUCCPS haijui mtoto anatoka Lavington kwa matajiri au Lodwar kule Turkana. Binti yetu amesoma shule ya kata, na wiki nzima kabla ya siku yake ya kupimwa nilimfanya ajieleze mbele ya mjomba wake, kila jioni, akiwa amesimama wima sebuleni.

Jambo moja linalotuliza moyo ni kwamba ukitokea Parklands au Madaraka, shahada ya Sheria ni miaka minne, na atakayetaka kuwa wakili ataelekea kule kule Karen, Kenya School of Law, akae na wenzake wa vyuo vyote na wafanye mtihani mmoja. Na kama mtoto wako anataka udaktari wa meno, mifugo au usanifu majengo, ulinganisho huu haumhusu sana. Kozi hizo zitampeleka chuo kikubwa cha umma kama Nairobi.

Pesa, bila kujidanganya

Hapa ndipo baba yake alipomaliza bahasha mbili.

Tangu Mei 2023, vyuo vya umma vina mfumo mpya wa ufadhili. Gharama ya kozi inagawanywa kati ya ruzuku ya serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mfuko wa familia, kulingana na ngazi ambayo familia imewekwa baada ya kujaza fomu ya hali yake. Zilivyopangwa ngazi tano, familia ya ngazi ya kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 na ya ngazi ya tano asilimia 40. Chukua mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, niliyoibuni kwa ajili ya hesabu tu: wa ngazi ya kwanza anatoa 10,000 na wa ngazi ya tano anatoa 80,000. Watoto wawili wa ploti moja, milango inatazamana, wanaweza kujikuta mbali kiasi hicho. Mfumo huu umebishaniwa mahakamani na umerekebishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo soma barua ya mwaka wako mwenyewe, usitegemee ya mtoto wa jirani. Ukiona ngazi mliyowekwa haifanani na maisha yenu, kuna njia ya kukata rufaa. Itumie mapema, na vielelezo mkononi.

Strathmore ni chuo cha kibinafsi. Karo yake ni laki kadhaa kwa mwaka, na ruzuku ile ya serikali haimfuati mwanafunzi huko. Mkopo wa HELB anaweza kuuomba, na chuo kina ofisi ya misaada ya kifedha inayosikiliza wenye uhitaji, lakini msaada unaombwa, unapimwa, na haupewi kila mtu. Nenda ukaulize kabla ya kulipa ada ya kukubali nafasi.

Sasa weka kando karo. Kuna gharama ambayo haimo kwenye barua yoyote, nayo ni muda. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba. Wahadhiri walikuwa wanadai haki yao na siwalaumu, lakini mtoto alikaa nyumbani, na mwenye nyumba aliendelea kudai kodi. Chuo cha kibinafsi hakiguswi na mgomo huo. Unapolinganisha miaka minne na miaka minne, ya upande wa umma ipe nafasi ya kurefuka.

Gharama nyingine ni ya chakula cha mchana na macho ya watu. Madaraka, binti yetu atakaa na watoto ambao hela ya kahawa yao kwa wiki ni nauli yake ya mwezi. Wapo watakaompenda na kumwita kwao. Wapo pia vijana niliowasikia wakikopa kwenye simu ili wasionekane wanakula chapo madondo, chapati na maharagwe, nje ya lango. Mzungumzie mtoto jambo hili waziwazi, kwa tarakimu, kabla hajaanza. Parklands nako hela zipo, lakini kuna komredi wengi, yaani wanafunzi wenzake, wa kugawana nao sahani ya shilingi mia.

Jumanne yetu

Siku za chuo kuwa wazi kwa wageni zina maturubai na vijitabu vinavyong'aa. Sisi tuliamua kwenda Jumanne ya kawaida, mimi na yeye, kwa matatu, tukiondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kama atakavyoondoka mwanafunzi.

Kwanza ujue kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi hakiko mahali pamoja. Wazazi wengi huwaza yale majengo ya University Way, chemchemi na lile jumba refu, kisha wanashangaa mtoto hakanyagi huko. Sheria iko Parklands. Sayansi ziko Chiromo, udaktari uko pembeni mwa hospitali ya Kenyatta, kilimo na mifugo Kabete ya juu, ualimu Kikuyu. Kila tawi lina hewa yake. Linganisha tawi atakaloenda mtoto, usilinganishe chuo kizima.

Parklands tulikuta vijana wamekaa vikundi vikundi chini ya miti wakibishana kuhusu kesi, sauti zimepanda, mmoja amesimama na kitabu amekinyoosha kama Biblia ya mhubiri. Hatukuulizwa sisi ni nani. Binti yangu alisogea, akasikiliza, na baada ya dakika kumi alikuwa anabishana nao. Hapo nilikiona kile kinachopendwa katika chuo hiki: mtoto anakutana na Kenya nzima. Kuna wa Kwale, wa Mandera, wa Turkana, walioletwa hapo na alama zao tu, na anajifunza kusimama kati yao bila kushikwa mkono. Mahakama ya Juu, pale City Hall Way, ni safari fupi ya matatu, na kikao cha wazi hakidai kiingilio. Wanafunzi wawili walimwambia wao huenda kusikiliza mawakili wanavyojenga hoja.

Madaraka ni ulimwengu mwingine. Chuo kizima kiko ndani ya ua mmoja kando ya barabara ya Ole Sangale. Kilianza mwaka wa 1961 kama koleji iliyopokea vijana wa rangi zote, wakati shule za kikoloni bado zilikuwa zinawatenga, na kikapata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka wa 2008. Ni cha mwelekeo wa Kikatoliki, kimehusishwa na Opus Dei, shirika la Kikatoliki, tangu mwanzo, na kanisa dogo lipo, ingawa wanafunzi ni wa dini zote. Mavazi yana kanuni zake na langoni zinafuatwa. Binti yangu aliona zinambana. Mimi, nikikumbuka yule kaka yake, sikuziona hivyo.

Lakini kilichonifanya nikae nifikirie ni mpango wao wa ushauri. Kila mwanafunzi ana mtu mzima aliyepangiwa, wa kuketi naye na kumuuliza maendeleo: masomo, nyumbani, usingizi. Hampigii mzazi simu kushtaki, na usitegemee kumtumia kama mpelelezi. Ila yupo mtu mmoja ndani ya ule ua anayelijua jina la mtoto wako na ataona kiti kitupu. Mahudhurio pia yanahesabiwa kwa makini. Katika darasa kubwa la chuo chochote cha umma, karatasi ya kutia sahihi huzunguka, na rafiki mwema anaweza kukutilia sahihi hadi mwisho wa muhula.

Huko Nairobi washauri wapo, ofisi ya ustawi wa wanafunzi ipo, daktari yupo. Tofauti ni kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuinuka na kuzitafuta hizo ofisi. Kwa wengine, kuinuka huko ndiyo elimu yenyewe. Kwa mwanangu wa kwanza ulikuwa mlima.

Atalala wapi

Usiku nao unahesabika katika masomo, kwa hiyo nilitaka kujua ataupitishia wapi. Nairobi ina hosteli zake, bei yake ni nafuu kuliko ya nje, na nafasi inaombwa mtandaoni. Hazitoshi wote. Dirisha likifunguliwa, mtoto awe na simu yenye chaji na bando tayari, asingoje jioni. Wanaokosa hupanga Ngara, Pangani au Parklands kwenyewe. Strathmore, wengi wa wanafunzi wanatoka nyumbani kwao au wamepanga hosteli za watu binafsi Madaraka, Nairobi West na South B.

Chumba cha hosteli nilichowahi kukiona kwa macho yangu, katika chuo cha yule kijana, kilikuwa cha watu wawili na kilikuwa na magodoro manne. Mawili yalisukumwa chini ya vitanda mchana na kuvutwa usiku kwa wale ambao wenzao huwaita pairati, wasio na kitanda kwa jina lao. Kwenye soketi moja kulikuwa na koili ndani ya ndoo ya maji ya kuoga, na juu ya meza pasi ya moto, mkate na kitabu cha takwimu. Waliishi kwa upendo, nakiri. Lakini hakuna saa ambayo chumba kile kilikuwa kimya.

Kwa hiyo mlinganisho wa malazi usiishie kwenye kodi. Panda ngazi uone. Uliza maji hutoka siku gani. Simama pale steji saa moja usiku utembee mwenyewe hadi mlangoni, uhesabu taa zinazowaka njiani. Sisi tulitoka Parklands saa kumi na moja jioni, tukashuka katikati ya jiji, tukatembea hadi steji ya Umoja, tukafika nyumbani saa moja kasoro dakika ishirini. Safari ya saa moja na dakika arobaini, na haikuwa imenyesha. Mtoto wa kusoma Sheria hawezi kutoa zaidi ya saa tatu barabarani kila siku na bado asome kesi zake. Kutoka Madaraka muda ulipungua kidogo tu. Hilo lilituonyesha kwamba chuo chochote atakachoenda, atapanga chumba, na kodi yake lazima iingie kwenye hesabu ya pande zote mbili.

Yupi aende wapi

Maoni yangu, baada ya yote hayo, hayashindanishi vyuo. Yanamtazama mtoto.

Kama mwanao ni wa kunyamaza, wa kuficha homa hadi aanguke, na mnaweza kulipa Madaraka bila kuuza shamba wala kuwatoa wadogo zake shuleni, lipeni. Yule mtu anayelijua jina lake ana thamani kuliko maktaba. Kama hamwezi, msijivunje mifupa. Mpelekeni Nairobi, halafu mumtafutie mtu wa kumwona kwa macho kila wiki: shangazi wa Pangani, kiongozi wa vijana kanisani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka kijijini kwenu. Lipangeni jambo hili kabla ya siku ya kuripoti, mkiwa na mtoto mwenyewe, naye akubali. Simu ya Jumapili haitoshi. Sisi tulipigiwa simu ya Jumapili kwa miezi mitano.

Kama mwanao ni wa kuuliza, wa kugonga mlango wa mwalimu na kurudi tena akifukuzwa, Nairobi itamkuza kwa namna ambayo ua wa Madaraka hauwezi, na kwa pesa ambazo mtazimudu hata biashara ikiyumba. Mtoto wa namna hiyo akiwekwa mahali pa kanuni nyingi anaweza kuutumia mwaka wa kwanza kupigana na kanuni.

Na mwacheni aseme. Baba yake alitaka Strathmore, kwa hofu ya migomo. Mimi, kwa hofu yangu ya kila siku, nilikuwa nimeshaegemea huko pia. Binti alitusikiliza wote wawili, akaomba karatasi, akaandika upande mmoja "watu watakaonijua" na upande wa pili "watu nitakaowajua." Orodha ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Halafu akasema, "Mama, mimi nikiumwa nitakuambia. Mimi si yeye." Kaka yake alikuwa ameketi pale pale. Alicheka, akasema ni kweli, na akajitolea kupita kwake kila Alhamisi akitoka kazini.

Tumekubali nafasi ya Parklands. Barua ya Madaraka tumewajibu kwa shukrani kabla tarehe yao haijapita, ili kiti kimfikie mwingine. Jumatatu tunaenda Ngara kutazama chumba. Mwenye nyumba anataka amana ya mwezi mmoja, na ameshatuambia kwenye simu kwamba maji hutoka Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo tutabeba mtungi wa lita mia.